Ng'ambo ya Kijito cha Mzee Saimo

Usiku ule wa kuamkia kesi nililala nikijipongeza. Ukoo wetu ulikuwa umenichagua nikatoe ushahidi kuhusu msitu tulimofukuzwa, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, na taarifa yangu ilikuwa mezani ikingoja sahihi ya asubuhi mbele ya wakili wetu. Upande wa serikali ulishikilia sheria ya tangu ukoloni: pasipo ua wala shamba, ardhi ni tupu, haina mwenyewe. Nami nikawajibu kwa sentensi niliyoiona tamu kuliko zote: kwamba kwetu msitu haukuwa wa mtu, ulikuwa wa wote. Nilijiona nimewaweza.

Usingizi uliponichukua, kulikuwa kweupe, nami nilikuwa msituni na mkoba wa ngozi begani, nikienda kurina asali. Nilifika kwenye kijito, nikakivuka bila kusita. Ng'ambo alikuwa amesimama Mzee Saimo, jirani yetu aliyefariki nikiwa bado shule ya msingi, amevaa koti lake lile lile la kijani lililokosa kifungo kimoja. Nilifurahi kumwona. Nikamwamkia.

"Umepita wapi, mwalimu?" ananiuliza.

Ninamwonyesha kijito. Anakitazama, kisha anatazama viatu vyangu vilivyolowa, na ninaona aibu kama mtoto aliyekutwa jikoni ana sukari mdomoni. Maana sasa nakumbuka. Baba alipotaka kupita upande huu alisimama kule, akapiga mluzi mara mbili, akangoja mluzi mmoja wa kumjibu. Mluzi huo usipokuja, tulirudi nyumbani mikono mitupu, hata kama tuliuona mzinga umejaa. Naye Mzee Saimo akija kwetu alifanya vivyo hivyo.

Mara tumo mahakamani, lakini kijito bado kinapita katikati ya viti. Jaji anasoma taarifa yangu kwa sauti. Anapofika kwenye sentensi ile tamu, wakili wa serikali anatabasamu na kufunga faili lake. Hana haja ya kusema neno; nimeshamsemea. Ninaogopa, kwa sababu nyuma yangu wameketi watu wetu wote, na msitu unatutoka kwa mdomo wangu mwenyewe. Mzee Saimo yuko kando yangu, miguu majini, hana habari na jaji.

"Miaka yote ile baba yako alikuwa akimpigia nani mluzi?" ananiambia. "Msitu mtupu?"

Nataka kumwomba radhi, lakini ameshainuka, anavuka kurudi kwake. Natia vidole mdomoni, napiga mluzi mara mbili, nangoja. Nangoja sana. Kisha kutoka ng'ambo unakuja mmoja, mrefu, na mahakama nzima inausikia.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Niliifuta sentensi yangu nzuri bila huruma, nikaandika jina la Mzee Saimo na kijito chake, kisha jirani mmoja baada ya mwingine, na mahali ambapo kila mmoja aliombwa njia. Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa mlangoni na chai, akitaka kujua kwa nini nilipiga mluzi usingizini.

Nikamwambia nilikuwa naomba kupita, na nimeruhusiwa.