Televisheni Bubu ya Papa Cyprien

Mtaa wote wa Mangobo unamjua Papa Cyprien, fundi wa antena. Miaka thelathini amekuwa akitembea juu ya mabati ya watu kama wengine wanavyotembea sokoni. Antena zake anazitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya aluminiamu, na ukimwambia za dukani ni nzuri zaidi, atakununia wiki nzima.

Mkewe, Adèle, hasikii. Homa kali ilimwachia uhai ikamnyang'anya masikio, mtoto wao Lionel akiwa bado ananyonya. Tangu hapo anasikia kwa macho. Sema mbele yake, atakusoma midomo. Msengenye ukiwa ng'ambo ya barabara, umekwisha. Televisheni tu ndiyo iliyomshinda. Kwenye kioo kile cha zamani, mdomo wa msoma habari ulikuwa doa lililozama kwenye chenga. Kila siku Adèle alimuuliza mumewe yule mtu anasema nini, na kila siku Cyprien aliinua kidole: ngoja. Habari zikiisha, alimpa maneno mawili matatu, akarudi kwenye sahani yake. Kwa hilo simtetei.

Kisha mwaka huu aliitwa kwa mteja mmoja mjini, akaikuta picha ya HD. Aliona meno ya msemaji, moja moja. Aliona jasho chini ya pua. Alisimama na koleo mkononi, akasahau kilichomleta, na moyoni akamwona Adèle.

Akaanza kukusanya vyombo, kimoja kimoja. Dekoda ya kidijitali, ile inayofungua chaneli za bure bila kadi wala malipo ya kila mwezi. Waya wa HDMI, wa kutoa picha safi kwenye dekoda na kuifikisha kwenye kioo. Na televisheni bapa, aliyoipata kwa bei ya kutupa kwa sababu spika zake zilikuwa zimeungua. Muuzaji alimwonea huruma. Cyprien aliondoka haraka, asije akacheka mbele yake.

Jumamosi asubuhi alipanda juu ya bati lake mwenyewe. Adèle alikaa ndani na kitambaa: picha ikija, atoke mlangoni akipunge. Cyprien akazungusha antena taratibu bila kusimama, kama alivyozoea, akingoja chenga zipungue. Lakini dijitali haina chenga. Inakupa yote au inakunyima yote, tena inataka antena itulie kwanza. Saa mbili nzima alizungusha, akiipita picha na kuirudia bila kujua. Aliilaani dekoda, akamlaani aliyeibuni. Mwishoni mikono ilichoka, akaiacha antena ilipo ili ajifute jasho.

Kitambaa hakikupungwa. Alisubiri, kisha akateremka akiwa amekata tamaa.

Adèle alikuwa amesimama mbele ya kioo, kitambaa kimeanguka miguuni. Mwanamke wa habari za mchana alikuwa anaongea kwa Kiswahili bila sauti yoyote, uso wake uking'aa kama yumo humo chumbani, na midomo ya Adèle ilikuwa inamfuata neno kwa neno.  Cyprien aliingia taratibu, asimkatishe.

Akaingia Sefu, jirani yao muuza vitenge, aliyekuja kutazama hiyo télé mpya. Alitazama kidogo, akaguna, akasema télé bila sauti ni dirisha tu.

Adèle hakumwona. Alikuwa anajisemea.

"Anasema bateau ya Basoko haitatoka mercredi. Iko na panne. Ni vendredi njo itatoka."

 Mabelo ya vitenge ya Sefu yalikuwa tayari yamefungwa kwa ajili ya Jumatano, kwa meli hiyo hiyo ambayo sasa imeharibika na haitoki mpaka Ijumaa. Akamgeukia Cyprien, kama anayeuliza amwamini nani.

"Muamini yeye," Cyprien akasema. "Mimi siku zote nilikuwa namukatia habari."

Alivuta kigoda, akaketi karibu na miguu ya mkewe. Kwenye kioo mwanamke yule alikuwa ameanza habari nyingine, ndefu, na uso wake ulionyesha ni nzito. Cyprien akamgusa Adèle begani mpaka akamtazama, akamuuliza anasema nini.

Adèle akarudisha macho kwenye kioo, akainua kidole: ngoja.