Sahani Zilizofunikwa

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alirudi kutoka rebelioni, vita vya waasi, na jeraha la mguu na vidonge vyeupe mfukoni. Huko kwenye mapigano walimpa vidonge hivyo vya maumivu ili aendelee kutembea. Mguu ulipona, vidonge vikabaki. Vilipomwishia alitetemeka, akatapika, akauza sufuria za mama. Mwishowe aliiba baiskeli ya jirani yetu hapa mtaani Kavimvira, karibu na mpaka.

Mkubwa wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alitaka kumpeleka kwa askari. Tuliwajua vijana waliopelekwa huko, hawakurudi. Watu wa kanisa letu wakamwombea msamaha, wakaahidi: yaya atakaa ndani, wazee wa kanisa watalinda mlango kwa zamu, na kila mgeni atapekuliwa. Mkubwa wa avenue akakubali.

"Lakini nikimuona tena amelewa vidonge, musinibembeleze," alisema.

Hapo ndipo tulipoanza kumshuku kila mtu. Rafiki yake yaya, kijana anayebadilisha pesa mpakani, alipekuliwa mpaka ndani ya viatu.

"Ba papa, na meno nifungue?" aliwauliza wazee.

"Fungua," walimjibu, wala hawakucheka.

Nami nilimshuku. Alikuja mara nyingi, na hakuwahi kuuliza habari za mguu.

Hata hivyo kuna siku yaya alijikuna pua bila kuacha, akasinzia na tonge mkononi, kama zamani alipomeza vidonge. Mama alisema ni maombi yanayomtuliza. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Niliangalia tu.

Kwetu chakula cha mgonjwa huletwa kimefunikwa, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayekifunua. Mwingine akikifunua, ni kama anamwambia aliyepika kwamba ni mchawi. Kwa hiyo wazee walipekua mifuko na viatu, lakini sahani waliziacha zipite. Nikaona kwamba yaya husinzia siku anazokula chakula cha mama mukubwa, dada mkubwa wa mama. Siku nyingine zote hutetemeka.

Sikutaka kuamini. Ni yeye aliyekuwa akiongoza maombi nyumbani kwetu.

Alipokuja tena, niliipokea sahani yake mlangoni nikaifunua mbele ya wazee. Nikachimba bugali kwa vidole.

"Weye mutoto! Unanitukana?"

Vidonge vilikuwa katikati, vimeanza kulainika.

Mama mukubwa hakukana. "Minye nasikia vile analia, mpaka kwangu," alisema. "Nyinyi munalinda mulango. Nani anamulinda na maumivu?"

Wazee walimuuliza amevipata kwa nani. Alijifunga kitenge vizuri, akaenda zake. Mpaka leo sijui, na kila nikipita mpakani nawatazama watu mikononi.

Hakuna aliyemwita mkubwa wa avenue. Mzee mmoja alisema atavitupa vidonge chooni. Nilimfuata mpaka nikasikia vimeanguka.

Mchana ule yaya alinitukana matusi yote aliyojifunza vitani. Halafu akalia, na sisi wote tukakaa ndani pamoja naye, hata wazee.

Kesho yake mama alisimama mlangoni akafunua kila sahani iliyoletwa. Wengine walikasirika, wakarudi nazo. Nilipotoka jikoni na chakula cha yaya, mama akanizuia mimi pia. Nilisimama mbele yake nimeshika sahani, naye akachimba bugali wangu mpaka chini.