Kovu Lililohama Shavu

Nilitoka Kinondoni asubuhi moja bila kumuaga mtu, nikiwa na shati la kubadilisha ndani ya mfuko wa nailoni. Sikuwa na mpango. Nilichokuwa nacho ni maneno niliyoyasoma kwenye ganda la mkanda wa video, yameandikwa kwa kalamu ya wino: "Kopi. Mama yake yuko kwa Fundi Umeme, Wazo."

Wazo nilikuwa sijafika. Nilijua tu kwamba kuna kiwanda cha saruji, na kwamba malori matupu huenda huko kila asubuhi. Nikasimama barabarani, nikapunga mkono, la tatu likasimama.

Miaka ile bidhaa zilikuwa zimeanza kumiminika, na mtu aliyerudi kutoka Uarabuni na deki ya video aliheshimiwa mtaani kuliko aliyerudi na cheti. Mwenye deki wa kwetu alijenga banda la mabati, akapanga mabenchi, akaweka televisheni juu ya meza ndefu. Pembeni ya televisheni palikuwa na kiti kimoja chenye mto. Hicho kilikuwa cha Mkalimani.

Mkalimani alikuwa mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi melini, na Kiingereza alikiokota huko. Filamu zote zilipita kinywani mwake. "Anasema hivi," alianza, na sisi tukanyamaza. Mkono wake mmoja ulikaa kwenye deki muda wote, na sababu yake ilijulikana. Watu wa kwenye filamu wakianza kusogezeana midomo, alibonyeza kitufe, picha ikakimbia na mistari myeupe, naye akasema, "Hapo wanasalimiana." Kina mama waliokaa nyuma na watoto walimshukuru. Sisi vijana tulimzomea.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Kiingereza sikukijua hata cha kuombea maji, kwa hiyo Mkalimani alipopumzika kusema, masikio yangu yalibaki bila kazi na macho yakafanya kazi ya ziada. Nilikuwa naangalia vikombe, vifungo vya mashati, saa za ukutani. Mkanda nilioupenda kuliko yote ulikuwa kipindi kimoja cha zamani cha televisheni, habari za watu waliosafiri angani na chombo chao kikaharibikia kwenye sayari ya mawe. Niliutazama mara nyingi mno. Ndipo nilipoanza kuona mambo.

Kwanza vivuli. Siku moja nilimkuta Mkalimani barazani anakunywa kahawa.

"Anko, si ulisema sayari ile ina majua mawili?"

"Mawili."

"Mbona kila mtu ana kivuli kimoja?"

Akapuliza kahawa yake. "La pili limeungua. Kama globu ya kwenu."

Wiki iliyofuata nikamjia na jingine. Fundi mitambo wa kile chombo anafungiwa kwenye chumba chenye mlango wa chuma, halafu punde si punde anaonekana anakatiza ukumbini na kikombe mkononi. Katokaje?

"Kapita dirishani."

"Anko, chombo kipo angani!"

"Ndiyo maana hakuna aliyemwona."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa namkomoa. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu mzima anayejibu maswali yangu bila kuniuliza kwa nini sipo shuleni.

Kisha likaja la kovu. Ilikuwa Jumapili alasiri, banda limejaa hadi mlangoni. Steringi, yule shujaa wa mkanda ule ule, ana kovu shavu la kushoto, alilokatwa na adui mwanzoni kabisa. Anaingia kwenye pango akiwa nalo kushoto. Anatoka upande wa pili wa pango, kovu liko kulia. Nilikuwa nimeliona mara kadhaa bila kuyaamini macho yangu. Siku hiyo nikasimama juu ya benchi.

"Kovu limehama!"

Mkalimani hakusita. "Wako wawili," alisema. "Mapacha, Kulwa na Doto. Aliyeingia ni Kulwa, huyu aliyetoka ni Doto."

Banda zima likaangua kicheko. Lakini nyuma kabisa mtu akapaza sauti: "Acha uongo! Umeruka hapo! Kuna kipande umekiruka!"

Kwa kuwa kila mtu alikijua kidole cha Mkalimani, kila mtu aliamini.

"Katurukisha!"

"Kila siku anaturukishaga huyu!"

"Wallahi sijagusa," Mkalimani alisema, akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa. Mikono ile naiona mpaka leo. Kabla wiki haijaisha mwenye banda alikuwa amemweka mtu mwingine kwenye kile kiti, kijana mmoja aliyesema "wanapigana" wakipigana na "wanakimbia" wakikimbia, basi.

Nilikwenda kwa Mkalimani. Alikuwa amekaa chumbani kwake, mlango wazi, redio imezimwa.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu vivuli?"

"Mie sikusema umeruka."

"Hukusema. Ulisimama tu juu ya benchi." Akatazama nje. "Nisikilize. Mabusu naruka. Hadithi sirukagi. Sasa nani ataniamini nikifungua mdomo?"

Kesho yake nilikwenda bandani, nikaomba kuuona ule mkanda, nikasoma kwenye ganda. Kwenye kopi mtu angeweza kukata kitu. Kama mkanda mama, ule ulionakiliwa, una kile kipande, basi Mkalimani kakiruka au aliyenakili kakikata. Kama hauna, basi hakuna aliyekata kitu. Asubuhi iliyofuata ndipo nilipopanda lori.

Dereva alinishusha karibu na kiwanda. Vumbi la saruji lilikuwa limekaa juu ya majani ya migomba, kila kitu rangi moja. Nilimwuliza mama muuza maandazi alipo fundi umeme mwenye mikanda ya video. Akanyoosha mkono kwenye nyumba yenye antena iliyofungwa juu ya mlingoti mrefu.

Mwenye nyumba, fundi mwenyewe, alikuwa ametoka zamu, amevaa msuli na fulana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nimekuja kuangalia shavu."

Ilibidi nimweleze yote hapo hapo mlangoni, banda, kidole, kovu, mikono iliyoinuliwa. Alinisikiliza huku amekunja uso, kisha akaingia ndani na kurudi na mkanda uliofungwa kwenye kipande cha kanga. Aliurekodi mwenyewe, alisema, alipopelekwa ng'ambo kwa mafunzo. Mkewe aliyekuwa anamenya mihogo uani akaja na sufuria lake, akakaa kwenye mkeka.

Fundi akautia kwenye deki yake, tukatazama hadi tukafika pangoni. Steringi akaingia, kovu kushoto. Akatoka, kovu kulia. Hakukuwa na mistari myeupe. Hakukuwa na mruko wowote. Fundi akarudisha nyuma, tukatazama tena, halafu tena.

"Miaka yote hii nimeangalia mkanda huu," alisema taratibu, "na hilo sijaliona. Mie huwa nasikiliza." Akacheka peke yake. "Aliyempaka lile kovu kasahau upande. Basi."

Nilifurahi kwa ajili ya Mkalimani, lakini kidogo nilisikitika pia. Nilikuwa nimeamini kwamba wale watu wana maelezo mahali fulani, na kwamba mimi tu ndiye niliyekuwa sijayafikia.

"Sasa huyu ni yule yule au si yeye?" mkewe akauliza, kisu kimesimama kwenye muhogo.

Sijui nini kilinipata. Nikakaa wima, nikaweka mkono karibu na deki. "Anasema hivi," nilianza. "Wako wawili. Kulwa na Doto."

Mama yule alicheka hadi muhogo ukamtoka mkononi. Akataka tuanze upya, nimsimulie yote kama Mkalimani anavyosimulia, na jua lililoungua, na dirisha. Fundi alilalamika kwamba hakuna neno hata moja lililosemwa hivyo. Lakini hakuzima.

Mkanda ulipoisha nikamwomba aniazime.

"Huu hautoki humu ndani bila mie," alisema, nikahisi safari yangu yote imekwisha. Kisha akaongeza, "Jumamosi sina zamu. Tutakwenda pamoja. Nitauweka mbele ya hao watu wenu waone, na huyo bwana akae kwenye kiti chake aseme. Nataka nimsikie."

"Leo Jumatano, mzee."

"Kwani wewe unakimbilia wapi?"

"Chumba cha uani kina mifuko ya saruji," mkewe alisema. "Isogeze ukutani, nitakupa mkeka."

Niliisogeza mmoja mmoja mpaka nikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Mwanga wa jioni ulikuwa bado unaingia juu ya mlango. Nilijilaza, vumbi puani, nikamsikia mama mwenye nyumba uani anamwambia jirani yake juu ya ua wa makuti, kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia mwenyewe, "Kumbe wako wawili, shoga! Miaka yote tunadhani mmoja!"