Radi Isiyoandikwa Daftarini

Watu wengi wanaamini radi huipiga helikopta kwa bahati mbaya, kama mpira wa watoto unavyovunja kioo cha jirani. Sindano, fundi wa helikopta mwenye miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu na ulimi mbaya kuliko magoti, alishachoka kuwarekebisha. Helikopta ndiyo inayoiita radi. Mapanga yake yakisugua hewa baridi yenye chembe za barafu, mwili wake hujaa umeme, kama sweta la nailoni unapolivua. Ikipita karibu na wingu lililonenepa, hata lile ambalo halijanguruma tangu asubuhi, habari inaishia hapo.

"Wingu limekaa zake kimya," alikuwa akisema, "wewe unakwenda kulitekenya, halafu unashangaa limekuuma."

Jina la Sindano alipewa kazini. Helikopta zilibeba wafanyakazi kwenda na kurudi kwenye majukwaa ya gesi, kilomita mia moja na arobaini baharini, na kila moja iliporudi siku ya mawingu, yeye alipanda ngazi, akatoa mfukoni dira ndogo ya plastiki na kuipitisha taratibu juu ya bolti kumi na sita za kichwa cha mapanga. Chuma kilichopitiwa na radi hubaki na usumaku. Sindano ya dira ikitulia, alikwenda kunywa chai. Ikicheza, hakunywa, na alihakikisha wengine nao hawanywi kwa raha. Kampuni ilikuwa na kipimo rasmi cha sumaku, chenye kioo na namba, lakini kilifungiwa kabatini na ufunguo alikaa nao Meneja wa Safari. Meneja aliamini kwamba kipimo kisichotumika hakiharibiki. Katika hilo peke yake alikuwa sahihi.

Msimu wa baridi, kila asubuhi ilikuja ramani ya hatari ya radi. Kijani, ruka. Nyekundu, kaa. Manjano, tumia busara. Siku za manjano Meneja alijaliwa busara nyingi ajabu.

Na marubani walijaliwa lugha. Ukiandika "radi" kwenye daftari la helikopta, helikopta inasimama, giaboksi, sanduku la gia linalozungusha mapanga, inang'olewa, inapelekwa nje ya nchi kufunguliwa, na wiki sita zinakatika. Kwa hiyo hakuna aliyeandika radi. Waliandika "mwanga kwa mbali". Waliandika "mlio usioeleweka". Mmoja aliandika kwamba amegonga kunguru, kwenye kimo ambacho kunguru hajawahi kuwa na shughuli.

Jumatano moja ya manjano helikopta kubwa ilirudi saa saba mchana. Wafanyakazi kumi na wawili waliteremka bila kutaniana, jambo ambalo Sindano hakulipenda. Mmoja wao, mchomeleaji, alikwenda moja kwa moja chooni akatapika. Sindano alimkuta anasukutua.

"Vipi, bwana mkubwa?"

"Fundi, niache. Mwanga ulikuja mweupe, ukaingia mpaka nyuma ya macho. Halafu paa! Halafu harufu ya kiberiti."

"Rubani akasemaje?"

"Akasema tufunge mikanda. Tulikuwa tumeshafunga."

Daftarini rubani alikuwa ameandika: Safari ya kawaida. Mlio mdogo upande wa nyuma.

Sindano alipanda ngazi. Kwenye ncha ya panga la tatu palikuwa na tundu dogo kama punje ya dengu, kingo zake nyeusi, zimejikunja. Akatoa dira. Ilipofika juu ya bolti ya saba, ncha ya kaskazini iliikataa kaskazini, ikaigeukia bolti na kuikodolea macho. Alirudia mara tatu. Kisha akashuka, akachukua daftari, na chini ya mwandiko wa rubani akaandika kwa herufi kubwa: RADI. ISIRUKE. Akasaini.

Meneja alifika akitembea haraka na kutabasamu, vitu viwili ambavyo kwa kawaida hakuvifanya pamoja.

"Fundi wangu. Hili neno tunaweza kulilainisha?"

"Lilainishwe vipi?"

"Tuseme, alama isiyojulikana chanzo."

"Chanzo kinajulikana. Kinaitwa radi. Hata mwanangu alipokuwa chekechea alikijua."

"Kesho asubuhi kuna watu kumi na wawili wa kupeleka na kumi na wawili wa kurudisha. Helikopta ya pili iko kwenye matengenezo. Unajua nani yumo kwenye orodha ya kurudi?"

Alijua. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, mpishi wa jukwaani, alikuwa abiria namba nne. Na Meneja alijua kwamba anajua, ndiyo maana aliuliza kwa upole hivyo.

Ubaya wa orodha ile ulikuwa hospitalini. Mama mkwe wake alikuwa amelazwa, akisubiri upasuaji wa nyongo Ijumaa saa nne asubuhi, na alikuwa ameshatangazia wodi nzima kwamba hatakatwa na mtu mpaka amwone kitinda mimba wake, huyo mpishi. Daktari alieleza kwamba nyongo ile haina subira. Mama mkwe alijibu kwamba hata yeye hana.

Jioni ile, saa ya kuona wagonjwa, Sindano alisimama miguuni pa kitanda akiwa na chungwa mkononi. Mkewe alikuwa ameshapata habari. Kwenye kampuni ile habari ziliruka hata siku za nyekundu.

"Baba watoto, ni kweli wewe ndiye umeizuia?"

"Radi ndiyo imeizuia. Mimi nimeandika tu."

"Basi andika vingine! Huyu ni mama yangu!"

"Na yule ni mdogo wako. Unataka nimlete vipi, mzima au kwenye habari ya saa mbili?"

Mama mkwe alifumbua jicho moja. "Mnagombana juu ya maiti? Mimi bado niko hapa. Mkwe, mwanangu anakuja au haji?"

"Anakuja, mama."

"Na nini?"

Sindano alimenya chungwa, akakumbuka kwamba mgonjwa wa nyongo hajaruhusiwa kula kitu, akalila mwenyewe, kwa aibu, mbele ya wagonjwa sita.

Alhamisi alfajiri aliingia kwenye banda la helikopta akakuta taa zimewashwa. Juu ya ngazi, kwenye kichwa cha mapanga, alikuwepo Mafuta, fundi mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna jambo lililomkwama kooni. Sindano ndiye aliyemfundisha kazi, bolti kwa bolti, miaka tisa iliyopita. Mkononi Mafuta alikuwa na pete kubwa ya nyaya iliyochomekwa kwenye umeme, inanguruma. Alikuwa akiizungusha juu ya bolti ya saba, polepole, kwa mkono mwepesi wa kinyozi.

Pete ile huondoa usumaku kwenye chuma. Ina kazi yake halali: ukishapima, ukishaandika, ukishafungua na kukagua, ndipo unausafisha usumaku uliobaki. Mafuta alikuwa ameanzia mwisho. Beringi zilizo ndani ya giaboksi, kama umeme umezitoboa, zitabaki zimetobolewa. Kitakachotoweka ni ushahidi. Ni sawa na kumfuta damu mtu aliyechomwa kisu, ukamvalisha shati safi, ukampeleka kwa daktari umwulize kama anaona lolote.

"Shikamoo, kaka," Mafuta alisema bila kugeuka.

"Mafuta. Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Nani amekufundisha kusafisha kabla ya kupima?"

"Si wewe, kaka. Wewe ulinifundisha vizuri." Alizima pete. "Lakini wewe umebakiza miaka miwili ustaafu. Mimi nimebakiza ishirini. Niache niishi na hawa wakubwa."

Saa moja na nusu Meneja alifungua kabati. Kipimo rasmi kilitolewa kwenye nailoni yake, kikapitishwa juu ya bolti zote kumi na sita, kikasoma sifuri. Daftarini Mafuta aliandika: Ukaguzi umefanyika kwa kipimo kilichoidhinishwa. Hakuna usumaku uliopatikana. Iruke. Kila neno lilikuwa kweli. Sindano aliusoma ukurasa ule, akalifunga daftari.

Alikwenda chumba cha kusubiria. Wafanyakazi kumi na wawili walikuwa wameshavaa suti nene za rangi ya machungwa za kujiokolea, zile ambazo huvaliwa na kila mtu na hufuliwa kwa nadharia. Chumba kilinuka kwapa na mpira. Kwenye runinga, mwanamke mwenye meno mazuri alikuwa akieleza namna ya kutoka kwenye helikopta iliyozama, na hakuna aliyemtazama.

"Jamani," alisema Sindano. "Helikopta hiyo imepigwa radi jana. Dira yangu ilicheza kwenye bolti ya saba. Alfajiri wamefuta usumaku ili kipimo kisione. Giaboksi haijafunguliwa. Mimi sikusaini, na ningewashauri msipande."

Walimtazama kama kondakta aliyetangaza kwamba basi haliendi.

"Fundi, hiyo dira si ya kwenye sanduku la biskuti?" mmoja aliuliza. Wakacheka.

"Nisipokwenda leo, zamu inasogea," alisema mwingine, kijana wa mabomba mwenye ndevu. "Zamu ikisogea, likizo inasogea. Likizo ikisogea, mke wangu utamweleza wewe?"

"Nitamweleza. Wangu ameshanikasirikia, najua njia."

"Toka hapa bwana, unatutia mkosi!"

Alitegemea lolote isipokuwa hili. Watu ambao shingo zao ndizo zilizokuwa mezani ndio waliokuwa wanagombania kisu. Alianza kuwachukia, kwa utulivu, mmoja mmoja, kuanzia mstari wa mbele.

Aliyeokoa hali alikuwa mwendesha winchi mzee, mtu wa maneno machache, aliyeketi pembeni akifunga zipu.

"Zamani," alisema, "fundi akisaini baada ya hitilafu, safari ya kwanza alipanda na sisi. Ndiyo ilikuwa desturi. Waliifuta kwa sababu kiti ni uzito. Leo nani amesaini?"

"Mafuta," alisema Sindano.

"Aitwe."

Mafuta aliitwa. Alisimama mlangoni, Meneja nyuma yake.

"Hongera kwa kazi, fundi," alisema mwendesha winchi. "Mimi nabaki, chukua kiti changu. Nenda, urudi nayo, ni muda wa saa mbili tu. Suti hii hapa."

"Mimi? Aa, mzee wangu, nina kazi bandani."

"Kazi gani? Helikopta ni moja, na ni hii."

"Na kifua hiki cha mafua…"

"Jana kilikuwepo?"

"Kimeanza sasa hivi. Na tumbo. Kusema kweli tumbo ndilo limezidi." Akalishika tumbo, upande ambao halipo.

Meneja alisema kwamba utaratibu wa kampuni hauruhusu. Mwendesha winchi akamwambia basi apande yeye, maana utaratibu ni wake. Meneja akatazama saa.

Hapo ikasikika zipu moja. Halafu ya pili. Kijana wa mabomba alikuwa wa tano kuvua, na alivua kwa hasira kuliko wote, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwaonya tangu mwanzo. Hakuna aliyemtazama Sindano. Dira na bolti ya saba hawakuziamini hata kidogo. Tumbo la Mafuta waliliamini lote. Hakujua acheke au ateme mate. Kwa kuwa sakafu ilikuwa ya kigae, hakufanya lolote.

Safari ilifutwa. Watu wa kurudi walichukuliwa na boti ya mizigo, saa kumi na mbili za mawimbi, pamoja na mapipa ya taka za jukwaani. Kila mtandao uliporudi, shemeji alimpigia simu Sindano, akatukana, akakata ili atapike, akapiga tena kuendelea alipoishia.

Ijumaa saa tatu na robo asubuhi shemeji aliingia wodini ameshikiliwa na dada yake, rangi ya uji, shati limeganda. Wagonjwa sita waligeuzia nyuso ukutani. Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye mliyenisubirisha?"

"Ni mimi, mama."

"Unanuka, mwanangu. Haya, nikatwe." Kitanda kiliposukumwa kupita mlangoni alimwona Sindano. "Mkwe. Ulisema anakuja. Hukusema anakuja hivi."

Alipona. Akaendelea kulisimulia jambo hilo kwa kila aliyemtembelea, na katika simulizi yake Sindano hakuwa mtu mzuri.

Kampuni ilimpa barua ya onyo kwa kuzungumza na abiria bila idhini. Giaboksi ilipelekwa nje hatimaye, kwa kuwa abiria walikataa kuipanda helikopta ile, na taarifa ilirudi na maneno "uchakavu wa kawaida". Mafuta alipandishwa akawa msimamizi wa ubora. Lakini fundi mmoja wa karakana ya huko, aliyewahi kufanya kazi na Sindano, alimtumia picha bila maelezo: beringi kuu, uso wake umejaa matundu meusi, na kutoka tundu moja hadi jingine ufa mwembamba kama unywele.

Jumapili shemeji alikuja kula. Sindano alimwekea simu kando ya sahani. Shemeji aliitazama picha, akaikuza kwa vidole, akaufuata ufa mpaka mwisho wake. Akaisukuma sahani.

"Hii ndiyo ingenirudisha?"

"Ndiyo hiyo."

Jikoni mkewe Sindano alikuwa akigonga sufuria, bado kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika.

"Nilikutukana sana kwenye ile boti, shemeji," alisema mwishowe.

"Nilisikia."

"Ya mama yako nayafuta." Akairudisha sahani karibu, akachukua kijiko. "Mengine yabaki. Ile boti ilinuka."