Zulia la Shangazi

Jana jirani alifukiza udi, nami nikajikuta nimekaa tena kwenye zulia jekundu la shangazi yangu, kule Lindi, enzi za Mwingereza. Mumewe alitajirika kwa kuuza mbata, na tangu hapo shangazi alivaa dhahabu hata jikoni. Ramadhani ile majirani walipomletea futari, aliwafokea mlangoni kwamba miguu yao inamwagia zulia lake mchanga.

Siku ya Idi mumewe alikuwa safarini. Shangazi alipanga halua na kahawa, akajipamba, akanituma barazani niwakaribishe wanawake waliokuwa wakipita na kanga zao mpya.

"Mwambie shangazi yako," mmoja alinijibu kwa upole, "miguu yetu ina mchanga."

Nilirudi ndani.

"Wamesemaje?"

"Wanakuja, shangazi."

Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, tukisikia vicheko vya nyumba ya pili. Halua ilikauka juu. Mwishowe alinigeukia, bangili zikilia mkononi.

"Nimependeza?"

"Umependeza sana, shangazi."

Akanishika mkono, na hakuuachia mpaka niliposinzia.