Boti Isiyojua Jina Lake

Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kuchipuka kando ya ziwa, mimi na mwenzangu, dada mmoja wa Kihaya mcheshi sana, tuliajiriwa kwenye ofisi ndogo kule Pasiansi kuandika programu ya kompyuta. Kila boti iliyoleta samaki mwaloni, pale ufukweni wanaposhushwa na kuuzwa, ilitakiwa ionekane kwenye skrini na jina lake.

Ndani ya programu kila boti nilikuwa nimeipa herufi ya kuishikia: a, b, c. Nikataka boti ikifika ijitaje yenyewe, iandike, "Mimi ni b." Nilihangaika asubuhi nzima. Mashine iliandika "Mimi ni boti" tu, kwa zote.

"Mbona haijijui?" mwenzangu akauliza.

Tukamfuata mwalimu aliyetufundisha kompyuta, mzee mpole aliyekuwa na darasa lake jirani. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaja na kikombe chake cha chai. Akakaa mbele ya mashine yetu. Aliandika mstari mmoja uliosema z ni boti ileile ya b. Akaiongezea z samaki, kisha akatuonyesha b. Samaki walikuwa wameongezeka huko pia.

"Boti ni moja," akasema, "mnaishika kwa majina mawili. Sasa mkiiuliza jina lake, ijibu lipi?"

Mwenzangu akaelekeza kidole kwenye b, kisha kwenye z. Mzee akatikisa kichwa.

"Hizo herufi ni zenu nyinyi mnaoiita. Ndani ya boti hazimo. Mkitaka ijitaje, ipeni jina lake pale mnapoiunda, ilitunze humo humo pamoja na uzito wa samaki."

Nilijiona mjinga kidogo, lakini furaha ilizidi. Mchana tulikuwa tukiingiza majina yaliyoandikwa kwa rangi ubavuni mwa boti, kama tulivyoyanakili wiki iliyotangulia. Mama mmoja mwenye boti akaingia kutazama. Boti yake ndiyo tuliyoishika kwa b, na skrini ikaandika, "Mimi ni Tutafika."

"Kumbe inajua," akasema, akavuta kiti. Kisha akakunja uso. "Lakini wanangu, ile nimeipaka rangi upya juzi. Sasa inaitwa Tumefika."

Mwenzangu akabadilisha jina la ndani. Herufi b ilibaki palepale, na hakuna kilichoharibika. Mama akaomba aione tena, halafu tena, akicheka peke yake. Kesho yake alirudi na mumewe ili naye ashuhudie, wakatuletea sato wa kukaanga, tukala wote barazani.