Siku Niliyomwaga Mafuta ya Lori

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya harufu ya mafuta. Wabelgiji walikuwa wangali hapa, miaka ya hamsini na kitu. Mwaka wenyewe siutaji, nisije nikakudanganya. Umeniuliza nani atakusindikiza ukienda kuomba kazi kule Baraka, na kama mimi naweza kukusemea. Kabla sijajibu, acha nikuelezee. Sikusoma sana, na labda ulistahili mtu mwingine wa kukushauri, lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe.

Baba aliangukiwa na mti shambani, huku juu Fizi, mguu ukavunjika vibaya. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na nyuma yangu wadogo watano. Pamba ya lazima, ile Wabelgiji waliyolazimisha kila mtu alime, ilikuwa palepale ikimngoja, awe na mguu ao asiwe nao. Tukasikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Baraka, mwenye malori mawili, anatafuta kijana wa kusaidia garajini. Mama akasema, "Mwite mujomba wako."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Jambo kubwa halikusemwa na kijana. Hata kuposa, wewe ulisimama nyuma, macho chini, wakubwa wakasema, na ukifungua kinywa umewaaibisha. Basi mujomba Asukulu akavaa koti lake la pekee, akabeba kuku mmoja, tukashuka kwa miguu siku mbili. Goti lake moja lilikuwa bovu, akatembea nalo hivyohivyo kwa ajili yangu. Ulikumbuke hilo goti, maana sitaki umhukumu mujomba.

Tulipofika, yule Bwana mwenye malori alinitazama mimi. "Unajua kazi gani?"

Mimi macho chini. Mujomba akajibu. "Bwana, huyu ni mwipwa wangu. Moteri ni kitu yake tangu tumbo ya mama yake."

Ukweli ni huu: niliwahi kutengeneza kinga ya mwalimu wetu, baisikeli nzee, mnyororo wake na mipira yake. Lori nililigusa mara moja tu, tukilisukuma kwenye matope. Lakini kwa mujomba, kinga na lori vyote vilikuwa vyuma vyenye kutembea. Sidhani alijua kwamba anadanganya.

Bwana akaita fundi wake, Ramazani, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe. Fundi akanipa ufunguo wa kufungulia nati, akaonyesha lori lililokuwa lipande Fizi mchana ule. "Toa maji ya moteri, tuweke mapya. Unaijua, ao nikuonyeshe?"

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo. Nilimtazama mujomba, naye akatikisa kichwa kunikubalia.

"Naijua, fundi," nikasema.

Nikaingia chini ya lori, nikaona bulo moja kubwa, nati ya kuzibia, nikalifungua. Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa cheusi, kizito, kikanishuka mkononi mpaka kwenye kiwiko, na mchanga ukakinywa chote.

Pale barzani walikuwa wameketi wamama na magunia yao ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu, wakingoja lori. Mmoja akapiga kelele, "Yooo! Bamama, mukuje kuona! Kijana amechinja motoka!"

Wakacheka sana. Walipoambiwa kwamba mafuta mengine hayapo mpaka lori la pili lirudi kesho kutoka Uvira, kicheko kikaisha, na maneno waliyonipa siyaandiki. Walikuwa na haki.

Bwana alitufukuza, sisi na kuku wetu. Fundi Ramazani akatufuata mpaka njiani, akipangusa mikono. "Muzee wangu," akamwambia mujomba, kwa heshima kabisa, "mulikuja kutafuta kazi ao kuposa? Motoka haiposwi." Halafu akanigeukia. "Nilikuuliza wewe, sikumuuliza muzee. Kukuonyesha ni dakika mbili. Sasa bale bamama batalala hapa."

Tulilala kwa ndugu mmoja pale Baraka. Mujomba hakula. Mimi nilimfikiria baba, na nilifikiria pia kwamba fundi amenionea, maana ningewezaje kumkana mujomba mbele ya watu? Mpaka leo sina hakika kabisa kama alinionea. Asubuhi nikapiga magoti.

"Mujomba, uniruhusu nirudi kule peke yangu."

Akauliza, "Utasema mi nilidanganya?"

"Hapana. Nitasema mi sikujua."

Akatazama goti lake. "Basi enda."

Nilifika kabla ya Bwana. Nikaamkia wale wamama kwanza, nikawaomba radhi. Bwana alipotoka nikamwambia, bila kungoja aulize: moteri siijui. Naijua mipira ya kinga, kuziba na kupiga pompi, na mnyororo. Nasoma, naandika. Jana niliulizwa nikasema najua, kosa ni langu.

"Toka," akasema Bwana.

"Sasa iko na kinywa," fundi akasema kutoka chini ya lori. "Bwana, umuache azibe ule mupira wa nyuma."

Nikauziba. Nikautumbukiza ndani ya maji, na mapovu hayakutoka. Bwana hakusema ndiyo. Alisema tu nisiondoke. Miezi mingi niliosha vyuma na kuziba mipira. Moteri nilifundishwa baadaye, na kila mara nisipojua nilisema sijui.

Alasiri ya siku ileile niliyorudi, mafuta yalipofika kutoka Uvira, lori likaondoka kupanda Fizi, mujomba yuko juu ya magunia pamoja na wale wamama. Nilimsikia akiwaambia, "Mi nilisema! Moteri ni kitu yake!" Na yule mama wa jana akamjibu, "Ndiyo, muzee, anajua hata kuzichinja."

Sasa shauri langu, kwa kadiri ya akili yangu. Uulizie ile kazi kabla hujafika, ujue inafanywaje. Ukiulizwa, ujibu wewe. Anza na unachokijua, hata kama ni kidogo, na usione haya kusema, "Hiki sikijui, unionyeshe." Mwenye kukusemea, mwambie mapema aseme nini, ili mapendo yake yasikubebeshe mzigo usiouweza. Ukikosea, rudi uombe radhi kwanza kwa wale uliowachelewesha. Ukifukuzwa mara moja, usihesabu kwamba umefukuzwa kabisa.

Na swali lako: ndiyo, nitakusindikiza. Nitafika nawe mpaka mlangoni, nitaamkia wakubwa jinsi inavyostahili, halafu nitaketi nje barzani. Utaingia peke yako.

Mungu akufungulie kinywa, mwanangu, akupe mtu mwenye dakika mbili za kukuonyesha, na wazee wako waliokutangulia wakusikie ukisema kweli, wafurahi.